Mtu wa Mlangoni

Mhariri huyu hakuwa mzembe, haki yake tumpe. Miaka tisa alitengeneza habari za miwani, zile ambazo mtazamaji anavaa kifaa usoni na kujikuta amesimama katikati ya tukio, moto kulia, mayowe kushoto. Ila yeye mwenyewe miwani hakuivaa. Ilimtia kizunguzungu, akatapika mara mbili mbele ya wenzake, wakamcheka wiki nzima. Tangu hapo alikagua kazi zake kwenye kioo cha kompyuta tu.

Safari hii kazi ilikuwa ya ghala la nguo lililoungua na watu kumi na mmoja ndani, mlango umekomewa kwa nje. Aliyeukomea hakujulikana. Mkuu wa kitengo alitaka mtu aonekane akikomea, "maana mlango haujifungi wenyewe, dada." Wakakubaliana kiwe kivuli kisicho na sura. Wakati kivuli kinachorwa, mhariri akapachika pale mwili wa majaribio ushike nafasi, kama walivyofanya siku zote. Mwili huo ulikuwa wa mdogo wake, fundi cherehani waliyemwita Futi kwa sababu futi kamba haikumtoka shingoni. Alipita ofisini siku moja kumletea dada yake chakula, wakamsimamisha mikono wazi, wakampiga picha pande zote, akaondoka na soda yake anacheka.

Kivuli kikachelewa, saa ya kurusha ikafika. Mhariri akatazama kwenye kioo, akaona moshi na mgongo wa mtu, akasema moyoni: nani atamjua? Akairusha hivyo hivyo. Mdharau mwiba mguu huota tende. Kwenye kioo mtu yule yuko mbali, lakini kwenye miwani unamfuata mpaka mlangoni, unamzunguka, unamtazama usoni akisukuma komeo huku watu wanalia nyuma yako.

Habari ile ikaingia mashuleni, kwenye kumbi, hata kwenye vyumba vya kumsubiria daktari. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, Futi akapiga simu.

"Dada, kuna mama kaja kupima gauni, kaniangalia, kapiga ukelele. Sasa wamejaa nje, wananiita muuaji. Mimi nimemuua nani, dada?"

Mhariri alijua papo hapo. Akampigia mkuu wa kitengo huku anashuka ngazi mbili mbili.

"Tumeshaiondoa," alisema mkuu. "Na masahihisho tumeandika."

"Mmeandika wapi?"

"Kwenye tovuti. Chini kabisa."

"Bosi, watu hawakuisoma habari ile. Waliingia ndani yake!"

Mbele ya duka la Futi palikuwa hapapitiki. Askari mmoja, peke yake, alisimama mlangoni akitokwa jasho. Mhariri akapanda juu ya benchi, akapaza sauti kwamba kosa ni lake, kwamba yule waliyemwona ni sanamu aliyoipachika yeye kwa mikono yake. Mwanaume mmoja mwenye chaki mikononi, mwalimu bila shaka, akamjibu taratibu.

"Pole, dada. Lakini mimi sikuhadithiwa. Nilisimama naye kama nilivyosimama na wewe hapa. Nikamshika shati, mkono ukapita hewani. Siku ya tatu hii silali."

Hakuwa na jiwe mkononi, wala hakuwa mwongo, na hilo ndilo lililomtia mhariri hofu kuliko makelele yote. Mwongo unaweza kubishana naye.

Askari akamvuta ndani. Futi alikuwa amejikunyata chini ya meza ya kukatia, meno yanagongana. Mama yao, ambaye chumba chake kiko nyuma ya duka, alikuwa ameegemea ukuta. Mhariri alipomwona, pumzi zikamrudia. Siku ya moto Futi alikuwa na mama kliniki, kwenye foleni ya presha, tangu alfajiri hadi jioni!

"Baba wa marehemu mmoja yuko hapo nje," alisema askari. "Anamheshimu mama yenu. Mama akiapa mbele yake kwamba kijana hakuwa ghalani, mzee atawaondoa watu. Asipoapa, mimi peke yangu siwawezi."

Jiwe likatua juu ya bati. Futi akafumba macho.

"Mama, twende ukaseme," mhariri alimshika mkono. Ulikuwa wa baridi.

"Juzi kliniki walituvalisha ile miwani," mama alisema polepole. "Walisema itatupunguzia kuchoka na foleni."

"Mama, yule si Futi. Nimemweka mimi."

"Nimekusikia, mwanangu. Kliniki mara ile nilikwenda naye, alininunulia maji, nakumbuka." Alimtazama kijana wake pale chini ya meza, kisha akayakwepa macho yake. "Lakini mle kwenye miwani aligeuka, akaniangalia. Mimi ndiye niliyemzaa, nitamsahau uso?"

"Mama?" Futi aliita.

Mama alisogea nyuma, akamshika binti yake bega kwa nguvu kama mtu anayeogopa kuanguka.

"Hiyo siku ya kliniki," alinong'ona, "una hakika ilikuwa siku ile ya moto?"

Mlangoni askari alikuwa ameshaweka mkono kwenye kitasa, anawangoja.