Siku Dative Alipofunga Vali

Dative alikuwa akilitetea lile shimo la maji ya mgodi. Majirani zake wa mtaa wa Murara, mjini Goma, walipomuuliza kwa nini anafanya kazi ya kumwaga uchafu chini ya mji wao, hakukasirika. Aliwaeleza. Mgodi wa makaa ya mawe kule milimani unavuja. Maji hutiririka kutoka kwenye kuta zake mchana na usiku, yana rangi ya kutu na ukali wa siki, na yasipovutwa nje wachimbaji watazama. Zamani kampuni iliyamwaga mtoni, mto ukafa. Ng'ombe wa baba yake, huko nyuma ya mji wa Kiwanja, waliyanywa, na wengi wao hawakuinuka tena.

"Afadhali yaende chini kabisa," alikuwa akisema, "kwenye mwamba ambako hakuna mutu anateka maji, kuliko yapite mbele ya mlango wa papa yangu."

Alikuwa amesomea mitambo, na kampuni ilimkabidhi pampu. Malori ya matangi yalileta maji ya mgodi hadi kwenye uwanja wa mawe meusi ya volkano, nje ya mji. Hapo yalichujwa, kisha pampu ikayasukuma kupitia bomba refu la chuma hadi kwenye mwamba wa chini. Bomba hilo lilipita ndani ya bomba jingine kubwa zaidi, na katika nafasi iliyokuwa kati yao hapakutakiwa msukumo wowote. Saa ndogo ya kupimia msukumo ilifungwa juu. Mshale wake ukilala, mambo ni sawa. Ukiinuka, bomba la ndani limetoboka, na maji makali yanapanda kuelekea kwenye maji safi yaliyo karibu na uso wa ardhi, yale yanayoteremka polepole hadi ziwani. Na ziwa ndilo Goma yote inalokunywa.

Mvua zilipozidi, mgodi ukaanza kujaa. Mhandisi mkuu, Baharanyi, akaagiza pampu iongezwe nguvu. Dative akamwambia bomba halitavumilia. Baharanyi akasema ameshaamuriwa, akaiongeza kwa mkono wake mwenyewe.

Haikupita wiki, asubuhi moja Dative akaukuta mshale umeinuka. Aligonga kioo kwa kidole, haukushuka. Akamwita Kasereka, fundi mwenzake, naye akainama, akatazama. Dative akazima pampu. Akafunga vali, akalichomoa gurudumu lake la kuzungushia, akaliweka chini ya mguu.

Baharanyi alifika simu ikiwa sikioni.

"Nani amekuambia ufunge?"

"Mushale."

"Hiyo saa iko mbovu."

"Basi Kasereka afunge ingine. Mushale ukilala, nitafungua mimi mwenyewe."

Stoo ilikuwa na saa mpya. Kasereka akaifunga mbele ya wote wawili. Mshale ukapanda taratibu, ukasimama palepale uliposimama ule wa kwanza.

Baharanyi akajifuta uso. Hakuwa mtu mkatili. Hata kwenye mazishi ya mama yake Dative alikuja. Lakini simu ilikuwa inaita tena, na huko nje malori yalishapanga foleni hadi barabarani, madereva wakipiga honi.

"Dative, sikiliza. Mgodi unajaa. Kule chini kuna watu."

"Waambie batoke. Mutu anaweza kupanda ngazi. Haya maji yakiingia ziwani, nani atayaambia yatoke?"

"Tutapima bomba mvua ikipungua."

"Tupime leo."

"Mimi ndiye shefu hapa."

"Ndiyo, Papa Baharanyi. Lakini hapa hapafunguliwi."

Baharanyi akamgeukia Kasereka, akamwamuru alete spana kubwa, maana vali hufunguka hata bila gurudumu. Kasereka akaileta. Alipokaribia, Dative akaketi juu ya vali, akakunja kitenge chake magotini kama mtu aliyefika sokoni mapema.

"Dative, toka," Kasereka akasema kwa sauti ndogo. "Nina watoto."

"Na mimi ninao. Unataka kufungua, nishushe kwanza."

Kasereka akabaki amesimama na spana yake. Baharanyi akamwita Anastase, mume wa Dative, aliyekuwa kwenye foleni na lori lake. Anastase akaja akiwa amekasirika tangu mbali.

"Mama Fabiola, unafanya nini? Tukifukuzwa wote wawili, tutakula nini?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Sijui, Papa Fabiola. Angalia ule mushale, halafu uniambie nitoke."

Hakuutazama. Alisema watazungumza nyumbani, akarudi kwenye lori lake akafunga mlango kwa kishindo. Lakini baadaye mlinzi wa uwanja alikuja na chupa ya chai na mkate. "Papa Anastase ametuma," akasema. "Anasema bado amekasirika." Dative akala palepale alipoketi.

Baharanyi alitishia kuita polisi. Dative akamjibu waje, atawaonyesha mshale. Hawakuitwa. Foleni ile ilikuwa imeshaleta watu wa mtaa wa Majengo kuuliza kuna nini, na mlinzi, aliyekuwa akiishi hukohuko, aliwaambia. Wanawake wenye madumu ya maji migongoni wakasimama kwenye uzio, hawakuondoka. Kabla ya jioni malori yakageuzwa na mizigo yake, na kule milimani wachimbaji wakatolewa nje.

Kamera iliposhushwa ndani ya bomba, ilionyesha tundu lililoliwa na ukali wa maji, pana kiasi cha kupitisha ngumi. Dative hakuwepo kuiona. Alikuwa ameshafukuzwa kazi kwa utovu wa nidhamu. Kasereka ndiye aliyempigia simu, akaongea haraka haraka, kisha akakata.

Kampuni ikabadilisha bomba, ikarudisha msukumo wa zamani. Dative akapata kibarua cha kutengeneza jenereta katika karakana moja ya mjini. Anastase hakumsemesha kwa siku kadhaa. Hatimaye akaanza kumsemesha, kwanza kuhusu chumvi.

Mwezi mmoja baadaye Baharanyi akaja Murara. Akapewa kiti, akapewa chai.

"Wanataka urudi," akasema. "Ni kitu kidogo tu. Uombe samahani mbele ya wafanyakazi. Unajua wakubwa."

"Samahani ya nini?"

"Ya kukataa amri."

Dative akafikiri. Alikuwa akiipenda kazi ile, na mikono yake ilinuka petroli ya jenereta za watu.

"Nitarudi," akasema. "Lakini samahani siombi. Na anayekaa kwenye pampu apewe ruhusa ya kuifunga bila kungoja simu ya mutu."

"Hawatakubali hiyo."

"Basi unywe chai, Papa Baharanyi. Inapoa."

Baharanyi akainywa yote bila haraka. Alipoondoka, Anastase, aliyekuwa bado akiendesha lori la kampuni, akaja akaketi kwenye kiti kile, akauliza kama karakana ile inahitaji mtu wa kuendesha gari.