Mzee Torgrim Hatoki Chooni

Jumamosi asubuhi, nyuzi kumi na nane chini ya sifuri, Gudveig alitungua kile kikalio cha choo, cha povu, kinachoning'inia kando ya jiko la kuni, akakikumbatia kifuani kisije kupoa, akatoka mbio kuelekea choo cha nje. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani.

"Kuna mtu," ilisema sauti.

"Baba, fanya haraka basi!"

"Haraka ya nini? Mimi nimeshakufa."

Hilo halikuwa na ubishi. Mzee Torgrim alifariki miaka mitatu iliyopita, akazikwa bondeni kando ya kanisa, na watu wakala keki. Lakini kila Februari familia ilipopanda na skii zao za kutelezea thelujini kuja mapumzikoni kwenye kijumba chao cha mlimani, ilimkuta chooni, chini ya picha ya mfalme wa zamani, na haambiliki. Mwaka wa kwanza Eilert, mwanawe mkubwa, alichukua koleo akachimba shimo lingine la choo, lisilo na kuta, nyuma ya banda la kuni, mambo yakaisha. Jirani wa ng'ambo ya ziwa alikuwa na shangazi marehemu aliyeimba darini usiku kucha. Wao walijiona wana bahati.

Aliyekuwa na shida ni Gudveig. Alikipenda kijumba kile kuliko nyumba yake ya mjini. Ndiye aliyepanda ngazi kila kiangazi kupaka kuta lami, ndiye aliyeondoa theluji juu ya paa lisije likabonyea. Kabla hajafa, baba yake alimshika mkono akamwambia, "Hiki chako, binti." Mzee alipokufa, sandukuni ikatoka karatasi ya zamani, iliyoandikwa Gudveig akiwa bado anatambaa, ikisema kijumba ni cha mtoto wa kwanza. Eilert akarithi. Na sasa alikuwa ametundika ratiba ukutani: Krismasi yake, Februari yake, Pasaka yake. Gudveig alipewa Novemba, wakati theluji haijafika na jua limeshaaga. Hii ndiyo ilikuwa Februari yake ya mwisho, na baba hakuwahi kuja mwezi mwingine.

Basi akarudi ndani, akachukua kitabu cha kijumba, kile ambacho kila anayelala pale huandika hali ya hewa, akakipenyeza chini ya mlango wa choo pamoja na kalamu.

"Andika ulichoniahidi, baba."

Alisubiri akirukaruka kwa baridi. Kitabu kikatoka. Mzee alikuwa ameandika: *Nyuzi kumi na nane chini. Upepo wa kaskazini. Theluji inafika kiunoni. Kijumba ni cha Gudveig, nilimwahidi, nikawa naahirisha.* Chini yake saini na tarehe.

Eilert alikuwa mezani akikata jibini ya kahawia, vipande vyembamba kama kawaida yake. Alisoma polepole, mara mbili.

"Mwandiko wa baba," alikubali. "Saini pia ya baba. Ila tarehe, mdogo wangu. Tarehe ni ya leo."

"Si ameandika leo?"

"Ndiyo hapo sasa. Leo ni marehemu. Marehemu hagawi mali." Akacheka, si kwa ubaya. "Mwambie airudishe nyuma miaka minne tu. Akikubali, nafunga mkoba wangu sasa hivi."

Gudveig alikimbia bila hata kofia. Mlangoni alieleza yote kwa pumzi moja.

"Unasemaje?" Sauti ya mzee ilitetemeka kwa hasira. "Nidanganye? Kwenye kitabu cha kijumba?"

"Tarehe tu, baba."

"Miaka hamsini sijawahi kuongeza hata nyuzi moja ya baridi humo! Hapana. Ona haya, binti."

Gudveig aliona haya kweli, na roho ikamuuma, yote mawili kwa pamoja. Eilert alipopewa jibu alitikisa kichwa kwa heshima.

"Unaona? Mzee wetu hana konakona," akasema, akamkatia dada yake kipande cha jibini.

Jumapili Eilert alitangulia kushuka. Gudveig alibaki kufanya linalofanywa na kila anayeondoka mlimani: alizoa majivu, akapanga kuni mpya ndani ya jiko, akatia magome makavu chini yake, ili atakayefuata awashe kiberiti tu. Atakayefuata, kwa mujibu wa ratiba, ni Eilert na rafiki zake. Kisha akaenda kugonga choo.

"Baba, nimepangiwa Novemba. Utakuja?"

"Novemba kuna matope, mwanangu."

"Najua."

"Umemwandalia kaka yako jiko?"

"Nimemwandalia."

"Kuni kavu?"

"Kavu, baba."

"Ndiyo maana nikakuahidi wewe," alisema Mzee Torgrim kwa furaha kabisa, akahakikisha komeo limefunga.