Saa Iliyomchongea Selpha

Selpha Obonyo alikuwa amevaa saa za kila namna. Alipoolewa Muhoroni, mumewe Absalom, fundi wa mitambo katika kiwanda cha sukari, alimpa saa ya kutia ufunguo. Ukiisahau asubuhi, ilikuacha njiani. Baadaye akajinunulia ya betri, yenye tarakimu za kuwaka, na wenzake waliouza naye mitumba sokoni Kibuye wakaisifu wiki nzima. Zote mbili zilikuwa na adabu: zilikuambia ni saa ngapi, basi. Ya tatu ndiyo iliyokuja na mdomo.

Ililetwa Pasaka na kitindamimba wake, Griffins, aliyefanya kazi katika kampuni ya bima Nairobi. Tangu babake afariki, Griffins alikuwa amejitwika wasiwasi wa ukoo mzima. Alimfunga mamake saa ile mkononi, wakiwa sebuleni kwake mtaani Kaloleni.

"Inapima mapigo ya moyo, usingizi, hata hatua zako," alisema. "Ina laini yake ya simu. Ukianguka, inanipigia yenyewe."

"Na nisipoanguka?"

Griffins alicheka tu.

Jibu lilikuja kidogo kidogo. "Mama, mbona jana hukulala?" "Mama, unatafuta nini Kondele?" Mwanzoni Selpha alidhani kuna mtu anayemchongea. Akamnunia jirani yake Awuor siku kadhaa, maskini wa Mungu asiye na hatia, mpaka alipong'amua kwamba mchongezi mwenyewe amefungwa kwenye kifundo cha mkono wake. Hata hivyo hakuivua. Mtoto anayekujali hatupwi, alijiambia.

Mambo yaliharibika kwa sababu ya ziwa. Wanawake wa ufuo wa Dunga walikuwa wameunda timu ya kupiga kasia, washindane na timu za fuo nyingine. Wazee wawili watatu walinung'unika kwamba mwanamke akipanda mashua hufukuza samaki. "Samaki gani?" aliwajibu Atieno, nahodha wa timu. "Sisi hatuvui. Tunakimbiza mashua!" Selpha, mjane wa miaka sitini na mmoja, alienda kutazama tu. Juma lililofuata alikuwa na kasia mkononi. Viganja vilimtoka malengelenge, mgongo ukamuuma, na hakuwahi kufurahi hivyo tangu wamzike Absalom. Watu wa nyumbani hakuwaambia.

Saa ikawaambia. Jumamosi moja timu ikiwa majini, mtu alionekana ufukweni, suruali ameikunja hadi magotini, anapunga mikono. Alikuwa Opiyo, ndugu ya marehemu mumewe.

"Shemeji!" alipaza sauti. "Griffins anasema ushuke! Moyo wako unaenda mbio sana!"

Mashua mbili za jirani ziliangua kicheko. Atieno hakuwa na la kufanya ila kugeuza. Selpha alishuka kwenye matope bila kumwangalia mtu.

"Nani mgonjwa hapa, Opiyo?"

"Yawa, mimi nimetumwa tu. Ni saa imesema."

Jioni Griffins akapiga simu. "Umri huo si wa michezo, Mama. Utakaa nyumbani hadi nije."

Utakaa nyumbani! Hata Absalom, na ukali wake wote, hakuwahi kumwambia hivyo.

Jumatatu alimwendea Naeema, fundi wa saa, pale Kibuye. Babake Naeema, Mzee Abdulrahman, ndiye aliyekuwa akizitengeneza saa za ufunguo kwenye meza ile ile, kioo cha kukuzia kimembana jichoni. Siku hizi bintiye alikuwa na kompyuta na nyaya. Selpha aliiweka saa mezani.

"Nataka uivunje."

"Haina kosa hii, Mama," Naeema alisema, akiigeuzageuza. "Imefungwa kwenye akaunti ya mwanao. Naweza kuifungua, niifunge kwenye simu yako. Habari zako utaziona wewe."

"Na yeye ataona nini?"

"Giza."

"Mpe giza."

Naeema alimfundisha kuisoma. Selpha akaona kwa macho yake moyo ukipanda anapovuta kasia na kutulia akipumzika. Akaenda hospitalini mwenyewe, akamwonyesha daktari. Alipimwa vizuri, akapewa dawa ya presha, akaambiwa apige kasia ila asimame akisikia maumivu ya kifua. Alizimeza dawa zile kila siku. Griffins alipopiga simu, alimjibu, "Mimi mzima," akauliza habari za wajukuu.

Siku ya mashindano, Griffins alitokea Dunga, viatu vyake vya ofisini vinazama matopeni.

"Mama, umenizima!"

"Nimejiwasha."

"Ukifia huko ndani je?"

"Nitakufa napiga kasia. Babako alifia kitini, mbele ya televisheni, na sisi wa nyumbani tulikuwepo."

"Mimi sikuwepo," Griffins alisema. "Nilikuwa Nairobi."

Selpha alimtazama mwanawe. Miaka miwili tangu msiba ule, na hakuwahi kumsikia akilitamka neno hilo. Akamshika shavu.

"Sikujua bado umelibeba. Pole, baba. Lakini usinitwike mimi. Nikianguka, saa itakuambia. Hilo nimemwambia Naeema alirudishe. Mengine, nipigie uniulize, kama mtu."

"Sijakubali, Mama."

"Sikukuomba ukubali."

Atieno alikuwa akimwita. Selpha alipandisha sketi, akaingia mashuani, akakaa kiti cha mbele. Filimbi ilipolia, Griffins alikuwa amekunja mikono. Mashua zilipogeuka kurudi, alikuwa majini hadi magotini pamoja na Opiyo, wote wawili wanapiga kelele kama wendawazimu.

Timu ya Dunga ilimaliza ya pili kutoka mwisho. Wale wazee walicheka. Atieno akawaambia wapande wao, wajaribu. Selpha alishuka, maji yakimchuruzika. Griffins akamnyooshea mkono amshike.

Selpha akampa kasia.

"Libebe," alisema. "Keshokutwa tuna mazoezi."