Mpini wa Kishoka cha Wifi

Mtaani walimwita Mama Mapazia, maana ilikuwa vigumu kupata dirisha la maana pale jirani ambalo halikupita mikononi mwake. Cherehani yake ilikaa sebuleni, karibu na mlango wa jikoni, na kwa miaka mingi kila akishona alisikia nyuma ya mlango ule wifi yake akipasua vijiti vya kuwashia moto, ta, ta, ta, vyembamba kama penseli. Jiko lao lilikuwa la chuma, la kuni, na mwenye jiko alikuwa wifi.

Mume wa Mama Mapazia, ambaye ndiye kaka wa huyo wifi, alikuwa amekufa zamani akawaacha wanawake wawili chini ya paa moja. Nyumba hawakugawana, waligawana kazi. Moto wa wifi, kitambaa cha Mama Mapazia, na ole wake atakayevuka mpaka. Siku Mama Mapazia alipothubutu kuongeza kuni, wifi alimkata jicho, akasema, "Wifi, cherehani imekukimbia?" Naye siku wifi alipochukua mkasi wa vitambaa akakatia karatasi, hawakusemeshana mpaka mvua ikaisha.

Kishoka chenyewe kilikuwa kidogo. Ukikiona utadhani kimetengenezewa mtoto, lakini ukikiinua kinakushusha mkono. Wifi alikirithi kwa baba yake, mzee aliyekuwa akitengeneza makasha ya kusafirishia vyombo, na alama ya kiwanda ilikuwa imelika hadi ikabaki nusu ya nyota.

Wifi alikufa kwa ugonjwa wa kifua. Watu walikuja, wakalia, wakaosha vyombo, wakaondoka. Mama Mapazia akaingia jikoni kama mtu aingiaye chumba cha mwenziwe bila kubisha hodi, akashika kishoka, akapiga. Kwa pigo la kwanza mpini ukavunjika shingoni.

Alinunua mpini dukani, wa kiwandani, uliopakwa rangi nyekundu mwishoni. Aliugongomea mwenyewe. Alipopiga kuni, chuma kilichomoka, kikapita hewani kama ndege, kikajikita kwenye ubao wa sakafu mbele ya kiti cha wifi.

Mama Mapazia akaruka nyuma. Kisha akacheka, maana mtu akiwa peke yake na hofu, kicheko ndicho kitu cha kwanza anachokumbuka.

"Haya wifi, nimesikia," alisema. "Wa dukani huutaki."

Alitania tu. Lakini kimya kilichofuata kilikuwa kama kile cha mtu anayevuta pumzi ili ajibu, na Mama Mapazia akatoka jikoni haraka, akala mkate mkavu.

Kesho yake alikifunga kishoka kwenye kipande cha kitambaa, akaenda kwa mchonga mipini, nyuma ya kiwanda cha mbao. Kilikuwa kibanda chenye maranda hadi kwenye vifundo vya miguu. Mipini ilining'inia kila mahali, ya majembe, ya nyundo, ya mashoka. Fundi, mtu mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alipanga michache juu ya meza.

"Mpini hauchaguliwi kwa macho, mama," alisema. "Macho hupenda kinachong'aa. Fumba, ushike mmoja mmoja, mkono wenyewe utasema."

Mama Mapazia akafumba macho. Wa kwanza ulikuwa mnene, kama kushika mkono wa mtu mzima asiyetaka kusalimia. Wa pili ulikuwa mwembamba mno. Mwingine ulikuwa umenyooka vizuri, haukuwa na kosa wala haukuwa na lolote. Halafu akagusa uliokuwa umepinda kidogo ubavuni, na vidole vyake vikafunga vyenyewe, kimoja kimoja, kama vinavyorudi nyumbani.

"Huu," alisema.

"Kumbe mama ni wa shoto," fundi alisema.

Mama Mapazia alifumbua macho. Mkono wake wa kulia ulikuwa mfukoni, umeshika leso. Mpini ulikuwa kwenye mkono wa kushoto.

"Mimi? Tangu nizaliwe, kwa mkono huu sijashika hata kijiko!"

Fundi akakigeuza kile chuma kwenye mwanga wa mlangoni. "Tazama makali. Upande huu yamelala bapa, upande huu ndio yamenolewa. Aliyekinoa alimnolea mtu wa shoto, na mpini uliopinda ni wa kumkinga vidole visigonge ubao. Nani alikuwa akikitumia?"

"Wifi yangu."

"Yeye yuko wapi?"

"Tumemzika."

Fundi alivua miwani, akaifuta kwa shati, ingawa shati lilikuwa na vumbi kuliko miwani. "Pole, mama. Basi, nakushauri uchukue ulionyooka. Nitanoa na upande wa pili, kitakuwa chako."

Mama Mapazia alitaka kusema ndiyo. Neno alikuwa nalo mdomoni kabisa. Lakini mkono wa kushoto haukuuachia ule mpini, na kuunyang'anya mkono wako mwenyewe mbele ya mtu ni aibu. "Nitie huuhuu," akasema.

Nyumbani kuni zilipasuka bila shida. Mkono wa kushoto ulipanda na kushuka kana kwamba umefanya kazi hiyo maisha yake yote, na vijiti vikaanguka miguuni pake vyembamba kama penseli. Moto ukashika mara moja. Mama Mapazia akakaa mbele yake, akaota joto, akajiambia hana la kulalamikia.

La kulalamikia lilikuja polepole. Kwanza mkono ule ulianza kukoroga chai na kugonga kijiko ukingoni mwa kikombe, jambo lililokuwa likimkera kwa wifi kuliko yote. Kisha ukaanza kutia chumvi, na chumvi ya wifi ilikuwa chumvi ya kuhifadhia samaki. Haya aliyavumilia. Lakini siku moja alikuwa akikata pazia la ukumbi wa shule, kitambaa kizito cha kijani. Akainua kichwa kumwitikia jirani aliyepita dirishani. Alipokiinamisha tena, mkasi ulikuwa kwenye mkono wa kushoto, nao ulikuwa umekwisha kukata, mkato mrefu uliokwenda upogo katikati ya kitambaa cha watu.

Binti yake alikuja kumtembelea siku hiyohiyo, akamkuta ameketi, pazia limemfunika magoti.

"Mama, umekosea kukata? Wewe?"

"Si mimi."

Binti akamtengenezea chai. Alipoona jinsi mama yake anavyoikoroga, alikitua kikombe chake. "Mama, unagonga kikombe kama shangazi." Akatazama kishoka kilichoegemea jiko, na mpini wake mpya. "Hicho kitu nipe. Leo hii namwuzia mnunua vyuma chakavu."

"Cha babu yako hicho."

"Babu hakihitaji. Na shangazi naye hakihitaji."

"Hapo," Mama Mapazia alisema, "sina hakika."

Hakukiuza. Alirudi kwa fundi, akamwomba autoe mpini uliopinda, atie ule ulionyooka, na anoe upande wa pili wa makali. Fundi alinoa kwa tupa, akagonga kabari, akajaribu kwenye kigogo, akasema kimekaa sawa.

Kwa fundi kilikaa sawa. Jikoni kwa wifi kiligoma. Mama Mapazia alipiga kwa mkono wa kulia, makali yakateleza kwenye kuni, yakapita karibu na goti lake hadi akahisi upepo wake. Vile vijiti vichache alivyopata vilifuka moshi tu, havikushika. Mbaya zaidi, mkono wa kushoto ukafa ganzi, ukawa baridi kama uliotoka mtungini, haukuweza tena hata kuongoza kitambaa chini ya sindano. Na mshonaji bila mkono wa kushoto ni nusu ya mshonaji.

Siku iliyofuata, mchana kweupe, alivuta kigoda jikoni, akakaa akikabili kiti cha wifi. Aliogopa, lakini alikuwa amekasirika pia, na hasira ikamshika mkono.

"Wifi," alisema, "sijui kama unanisikia, na kama hunisikii basi nimeshapata wazimu na hilo litajulikana. Sikiliza. Moto ni wako. Ulipokuwa hai nilikuachia, na leo sikunyang'anyi. Nitakurudishia mpini wako. Lakini kitambaa ni changu. Chai yangu niikoroge mimi, chumvi nitie mimi. Ukigusa mkasi wangu tena, kishoka nakiuza kama chuma chakavu, na haki ya Mungu sitageuka nyuma kukitazama."

Jiko lililia, kama chuma kinavyolia kikipoa. Lakini jiko lilikuwa halijawashwa tangu jana. Mama Mapazia alisubiri nywele zilizomsimama zilale, kisha akachukua kishoka na kutoka.

Fundi aliutafuta ule mpini uliopinda kwenye lundo la vipande, akaupata. "Nilitaka kuukata niutie kwenye nyundo," alisema, "lakini kila nikiushika nakumbuka kazi nyingine." Akakata kipande cha kabari, akaigongomea mpaka ikazama, akanoa makali upande mmoja, yakarudi yalivyokuwa.

Tangu siku ile Mama Mapazia alipasua kuni kwa kushoto na kukata kitambaa kwa kulia. Chai ilikorogwa kimya. Alinunua kitambaa kingine cha kijani, akamaliza mapazia ya ukumbi, na mkato wake ulikwenda sawa kama mstari wa maji kwenye glasi.

Binti alikuja tena wakati wa baridi. Walikaa jikoni, mlango umefungwa, moto unanguruma. Mama alimweleza yote, hakuficha.

"Na huogopi kukaa naye?" binti aliuliza.

"Naogopa. Lakini mwanangu, hata alipokuwa hai nilikuwa namwogopa, na chakula tulikula pamoja."

Binti akacheka. Moto ulikuwa umeanza kushuka, naye, kwa kuwa alilelewa vizuri, aliinama kuchukua kishoka ampunguzie mama yake kazi. Vidole vyake havijagusa mpini, mkono wa kushoto wa Mama Mapazia ukaruka kutoka mapajani, ukamchapa kofi la kifundo cha mkono, paa!

Wote wawili wakautazama ule mkono.

"Samahani, mwanangu," Mama Mapazia alisema. "Si mimi."

Binti alijipapasa kifundo, akarudi kitini taratibu, akakunja mikono yake kwapani. Mama Mapazia akainuka, akachagua kuni moja kavu, akaanza kupasua.