Majina ya Mama Zake Barakoa

1.

Mweupe akamzaa Ukungu. Ukungu akamzaa Mpiga Teke. Mpiga Teke akamzaa Shukrani. Shukrani akamzaa Azimio, mwaka ule ule wa Azimio. Azimio akamzaa Redio. Redio akamzaa

2.

Hao ni ng'ombe, ndugu yangu, usianze kuulizia wajukuu. Ni ng'ombe wa nyumba ya Mwambungu, huku Rungwe, ambako migomba imebanana na mvua haina adabu. Mweupe aliingia kwa mahari ya binti wa kwanza wa nyumba hiyo, na tangu hapo majike wa tumbo lake hawauzwi wala hawachinjwi. Kila kizazi, mtu mmoja anabaki nyumbani kuwatunza na kuyashika majina yao kichwani.

Safari hii mtu huyo ni Mzee Asajile. Ana miaka sabini na minane. Alikabidhiwa akiwa na kumi na tisa. Baba yake alimwambia, "Wenzako watasoma. Wewe utakumbuka."

Basi akakumbuka.

3.

Mambo ambayo Asajile hakuyafanya kwa ajili ya ng'ombe:

— kwenda migodini na wenzake
— kumwoa Anyisile, aliyesema wazi kwamba hawezi kuolewa na zizi
— kulala nje ya kijiji zaidi ya siku mbili
— kujuta (hili anawadanganya)

4.

OFISI YA MIFUGO
YAH: UTAMBUZI WA NG'OMBE WA ASILI

Mfugaji Asajile Mwambungu anaarifiwa kuwa maofisa watafika kwake siku ya Jumatatu, saa tatu asubuhi, kumwandikisha ng'ombe wake aitwaye BARAKOA (jike, miaka minne, ana mimba). Mfugaji atatakiwa kutia saini tamko lifuatalo:

"Nathibitisha kuwa ng'ombe huyu ni mali ya nyumba yangu, na kwamba ukoo wake haujakatika tangu ng'ombe wa kwanza."

Kutoa taarifa za uongo ni kosa.

5.

Ujumbe wa sauti. Sekela, anayekaa na Asajile, anamtumia babu yake Lusekelo aliyeko Dar, mdogo wake Asajile:

"Shikamoo babu. Barua ya mifugo imefika, kijiji kizima kinafurahi, ila babu mkubwa hali chakula. Nilimwomba anifundishe majina, niyashike mimi baada yake. Anaanza vizuri kabisa. Akifika kwa Redio anakwama. Anaanza upya, anakwama palepale. Nikamwuliza, babu, ni uzee? Akasema uzee ungekuwa na huruma zaidi. Sasa babu, mimi nifanyeje?"

Jibu, sekunde nne:

"Mwambie atie saini tu, aache mambo yake."

6.

Hakusahau.

7.

Masika ya mwaka 1981. Banda moja, ng'ombe wawili wenye mimba. Mmoja ni Redio, jike la mwisho la ukoo, aliyekwisha kutupa mimba mbili. Wa pili ni ng'ombe wa Gwakisa, jirani na rafiki wa kufa na kuzikana, aliyempa Asajile amfugie kwa desturi ya huku: maziwa ya anayefuga, ndama wa mwenye ng'ombe.

Ng'ombe wa Gwakisa alizaa jike, akafa saa ile ile. Kabla ya adhuhuri Redio naye akazaa jike. Mfu.

Haya, ungekuwa wewe? Una yatima anayelia njaa na una mama aliyejaa maziwa. Asajile alifanya ambalo mfugaji yeyote angelifanya: alimchuna ndama mfu, akamfunika yatima kwa ngozi ile. Redio akanusa. Akanusa tena. Akalamba, akanyonyesha. Mpaka hapo mzee hana kosa, na mimi nitamtetea popote.

Kosa lilikuja saa nane, Gwakisa alipofika ameloa chapachapa. Aliuona mzoga uani, hakuingia bandani.

"Na ndama?"

"Mama na mtoto, wote."

Maneno manne. Yule ndama Asajile akamwita Faraja, na nyumba nzima ya Mwambungu ikashangilia kwamba ukoo umepona.

8.

Hesabu mwenyewe. Faraja. Ruksa. Sabuni. Simu. Tabasamu. Barakoa. Kwa desturi, wote sita ni wa zizi la Gwakisa.

Wote.

9.

Yaliyosikika msibani kwa Gwakisa, miaka kumi na tano iliyopita:

— Mwangalie Asajile, ameshika jembe kabla ya wana wa marehemu.
— Huo ndio urafiki bwana.
— Sasa mbona anachimba kama anagombana na mtu?

10.

Jumamosi alimweleza Sekela yote, wakiwa wanakata majani. Sekela aliacha mundu chini.

"Tukimrudisha Barakoa, sisi tutabaki na nini?"

"Na majina sita. Mweupe mpaka Redio."

"Majina ya marehemu, babu!"

"Ndiyo," alisema Asajile. Aliwapenda mno ng'ombe wale. Hakuwa na kitu kingine cha kupenda, na sasa binti huyu, wa pekee aliyetaka kumrithi, alikuwa anafuta machozi kwa kanga.

11.

Jumapili, baada ya ibada, Tupokigwe, mjane wa Gwakisa, alikuwa uani anachambua maharage.

"Shemeji! Mbona unamtembeza ng'ombe kama bibi harusi?"

"Ni wako."

"Wangu kwa lipi?"

Akamweleza amesimama. Kigoda alichosogezewa hakukikalia. Mikono ya Tupokigwe iliendelea na maharage, kisha ikaacha.

"Gwakisa alilia siku ile," alisema. "Aliingia jikoni kwangu akalia. Si kwa ng'ombe. Alisema, sasa Asajile ataona haya kuja hapa, atadhani namlaumu, na mimi sina rafiki mwingine. Ndipo akanituma nikuletee ndizi."

"Zilifika."

"Ukazila?"

"Nilizila, shemeji."

Tupokigwe hakusema pole, wala hakusema nimekusamehe. Mama huyu hana maneno ya kugawa ovyo. Alimtazama Barakoa kuanzia pembe hadi mkia.

"Ndama wetu mlimwita nani?"

"Faraja."

"Akamzaa nani?"

Basi Asajile akaanza. Mbele ya Sekela alikwama siku tatu. Hapa hakukwama hata kidogo.

"Ng'ombe wa Gwakisa akamzaa Faraja. Faraja akamzaa Ruksa. Ruksa akamzaa Sabuni. Sabuni"

"Ngoja."

12.

"Ng'ombe wa Gwakisa," alirudia Tupokigwe. "Ndivyo ulivyomwita?"

"Ndivyo."

"Alikaa bandani kwako miezi saba. Alikufa mikononi mwako."

"Ndiyo."

"Alikuwa na jina, shemeji. Na mama yake alikuwa na jina. Na mama wa mama yake."

Miaka hamsini na tisa Asajile anasifiwa kwa kukumbuka, na hili hakulisahau, kwa sababu hakuwahi kuliuliza.

Kesho saa tatu maofisa watafika. Kwa zizi lipi, mimi sijui, na wao wawili pale uani walikuwa bado hawajasema.

"Aliitwa nani?" aliuliza.

Tupokigwe aliusogeza ungo pembeni.

"Kaa kwanza," alisema. "Ni wengi."