Marahaba ya Mujibu

Mshahara wangu wa mwezi haukutosha kununua gunia la mahindi, na watoto nyumbani walikuwa watano. Ushirika uliponyang'anywa haki ya kununua korosho peke yake, wanunuzi binafsi walijaa Masasi. Mimi nilisimamia ghala la mmoja wao, Mujibu, kijana wa umri wa mwanangu wa kwanza. Siku moja nilimfuata mbele ya wapagazi, nikamwomba aniongeze.

Alikuwa anatafuna nyama ya mbuzi, mafuta yanamtiririka mpaka kwenye saa.

"Mzee, mwombaji huanza na salamu."

"Asubuhi nimekusalimu, ukaitikia."

"Ile ilikuwa habari za asubuhi. Mimi nataka shikamoo."

Wapagazi wakatua magunia. Mmoja akacheka, "Mpe tu, Baba Rose, shikamoo hainunuliwi!"

Nikasema, "Shikamoo, bosi."

"Marahaba, mwanangu." Akafuta vidole kwenye gunia. "Nitakuongezea elfu mbili."

Kweli aliziongeza. Wapagazi walikuwa wanane, wote wadogo kwangu, na kila asubuhi walikuwa wakiniamkia. Kesho yake waliniamkia watatu. Wale watano waliniambia, "Mambo?"