Sura ya Ozella Yapata Kazi

Kila Jumamosi Ozella Gaither alivaa soksi juu ya soksi, akachukua bango lake kanisani, akaenda kuzunguka na wenzake mbele ya duka la Pruett, barabara ya Pennsylvania, mjini Baltimore, Marekani. Bango lilisema: USINUNUE WASIPOKUAJIRI. Wateja wa Pruett karibu wote walikuwa weusi, wauzaji wote weupe. Ozella alikuwa na cheti cha sekondari. Bwana Pruett alimwambia kazi iliyopo ni ya kudeki. Na nyumbani mama yake alifulia watu nguo mpaka mikono ikachubuka kwa magadi. Mshahara wa kaunta ungemtoa mama kwenye beseni. Ozella hakutaka kingine.

Alizunguka kipupwe kizima mbele ya kioo cha duka lile, na baridi ya Baltimore, jamani, haina huruma. Siku moja ya Machi, alipokwenda kula, sura yake haikumfuata. Ilibaki kiooni, ikavua koti, ikapita nyuma ya kaunta, ikaanza kukunja glavu. Bwana Pruett aliitazama kidogo, kisha akaielekeza kofia zinakokaa.

Jioni Bwana Pruett akatoka mlangoni.

"Mchungaji, si mlitaka mweusi kaunta? Huyo hapo."

Mchungaji Purnell, kiongozi wa maandamano, akafuta miwani, akachungulia.

"Ni Ozella wetu! Tumeshinda!"

"Mchungaji, mimi niko hapa," Ozella akasema.

"Hongera, binti. Sasa usituharibie."

Watu wakakunja mabango, wakaenda zao wakiimba.

Ijumaa Ozella alikwenda kudai mshahara. Bwana Pruett akamjibu kwa upole kabisa kwamba yeye hajafanya kazi pale hata siku moja, na yule anayefanya hajaomba kitu. Hali chakula, haugui, hachelewi. Ozella alimtukana tusi zito, akarudi nyumbani, akakaa kwenye ngazi za marumaru, zile zilizo mbele ya kila nyumba mtaani kwao, akalia kwa hasira. Tangu sura ibaki dukani, kioo cha nyumbani kilimwonyesha ukuta tu, ikabidi mama amchane nywele.

"Usilie, mpenzi," mama alimwambia, kitana mkononi. "Nilipita kukuangalia leo. Ile kola nyeupe imekukaa, we!"

"Si mimi, Mama."

"Ni wewe. Kwani simjui mwanangu?"

Pasaka ilipokaribia waliingia wote wawili dukani. Mama alichagua kofia ya zambarau yenye ua pembeni, akainyanyua aivae aone. Sura ikanyoosha mkono juu ya kaunta, ikamnyang'anya taratibu.

"Samahani, mama. Weusi hawajaribu kofia hapa," ikasema, kwa sauti ya Ozella. "Ikishaguswa na nywele zenu, weupe hawainunui."

Ozella alishika ukingo wa kaunta. Mama alisimama kichwa wazi. Kisha akatabasamu, tabasamu la kumwombea mtu asifukuzwe kazi.

"Haya, nifungie hivyo hivyo, mwanangu."